Kabla ya kununua waya wa elfu ishirini na mbili, pima stima ya nyumbani kwako



Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mtu wa Mombasa aliyehamia Migori na biashara yake ya vitambaa, na sasa ana zaidi ya miaka kumi huko. Mwezi wa nne nilipata safari ya kikazi pande hizo nikafikia kwake. Hata viatu sijavua, akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya waya wa kuchomeka amplifaya ukutani: mnene kama kamba ya nanga, umevikwa nyuzi nyeusi na buluu zilizosukwa, na plagi zake zimepakwa dhahabu. Bei yake shilingi 22,000. Muuzaji amemhakikishia kuwa utaondoa mvumo, utatia besi nguvu na kuzifungua sauti za waimbaji.

"Wewe ndiye uliyesomea stima," akaniambia. "Nitume pesa au nisitume?"

Kusomea nimesomea, diploma yangu niliipata Mombasa Polytechnic kabla hakijawa chuo kikuu. Lakini kabla sijamjibu, binti yake wa miaka saba aliyekuwa amekaa karibu akanambia jambo lililonifanya niinuke kitini.

"Mjomba, redio ya baba yauma."

"Yauma vipi?"

"Ukiigusa na miguu mitupu."

Baba yake akacheka, akasema ni mchezo wa watoto, inachomachoma kidogo tu. Mimi sikucheka. Nilichomoa plagi, nikatoa mita yangu ya kupimia volti ambayo husafiri nayo kama wengine wanavyosafiri na mswaki, na muziki ukanyamaza usiku ule na siku mbili zilizofuata.

Nilipoifungua ile plagi nilikuta waya wa tatu, ule wa kijani na manjano ambao mafundi wetu huuita athi, umekatwa na kukunjwa nyuma. Shemeji akakumbuka: mwaka mmoja uliopita redio ilikuwa ikivuma, akamwita fundi, na fundi akaumaliza mvumo kwa dakika tano. Aliumaliza kwa koleo.

Hapa niwaeleze polepole, kwa sababu najua nyumba kadhaa za Mji wa Kale na Majengo ambako kazi hii hii imefanyika. Mvumo ule mzito, mmm, unaoendelea hata muziki ukiwa umezimwa, mara nyingi hutokana na vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kina athi yake. Kwa shemeji vilikuwa amplifaya na kompyuta, kila kimoja kwenye soketi ya ukuta tofauti. Athi mbili na waya wa sauti katikati hufanya duara, mkondo mdogo wa stima ukazunguka humo, na amplifaya ikaukuza pamoja na muziki. Stima yetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ndiyo sauti unayoisikia. Ukikata athi moja duara linavunjika, mvumo unakufa, fundi analipwa.

Alichokata ni njia ya kuokoa maisha. Bodi ya chuma ya amplifaya huunganishwa na athi ili siku waya wa moto ukichubuka ndani na kuigusa bodi, stima ikimbilie ardhini kwa nguvu, fyuzi iungue au swichi ikate. Bila athi, bodi inakaa na volti 240 kimya kimya ikimsubiri wa kuigusa. Kule kuuma alikokusikia mtoto hakukuwa bado hatari hiyo. Ulikuwa mvujo mdogo wa kawaida unaopita kwenye kichujio cha ndani ya mashine, ambao ulitakiwa uteremke ardhini na sasa hauna pa kwenda. Lakini ulikuwa unatuambia kwamba mlango wa kutokea umefungwa.

Na kwa nini haikuuma mwaka mzima? Kwa sababu redio ilikuwa ikipata ardhi kwa mlango wa nyuma, kupitia waya wa sauti hadi kwenye kompyuta, na kutoka kompyuta hadi soketi yake. Nilipozunguka nyuma ya jikoni kuitazama fimbo ya athi ya nyumba, nikakuta klipu yake imeliwa na kutu na waya unaning'inia. Nyumba nzima haikuwa na athi. Nikapima kutoka bodi ya redio hadi ardhini, mita ikasoma volti 104. Mvumo wenyewe ulikuwa umerudi, tena ukibadilika kila mtu akiweka mkono juu ya bodi. Huo ndio mvumo ambao shemeji alitaka kuutibu kwa 22,000.

Asubuhi yake tulitafuta fundi mwenye leseni ya EPRA. Diploma ni yangu lakini leseni ya kazi za nyumbani sina, na sheria ni sheria. Akapiga fimbo mpya yenye ngozi ya shaba mahali penye unyevu, akafunga klipu ya shaba, na kwenye boksi la stima akatia swichi ya kukata stima inapovuja, ile ya miliampea 30. Athi ya plagi ikarudishwa mahali pake. Mtoto akaitwa aguse redio na miguu mitupu. Akagusa kwa kidole kimoja, akatutazama, akagusa kwa kiganja.

Na mvumo ule wa zamani ukarudi! Ndivyo inavyotakiwa, maana duara limerudi. Dawa yake halali ni mbili. Kwanza tulichomeka amplifaya na kompyuta kwenye ekstensheni moja nzuri, mvumo ukapungua. Kisha tukatia kwenye waya wa sauti kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndogo ndani, kinachoruhusu muziki upite lakini kinatenganisha athi. Wauza redio za magari wanazo. Tulilipa shilingi 700, na kimya kikaingia sebuleni hadi tukasikia saa ya ukutani.

Kuna mvumo wa namna nyingine ambao tiba hii haiufai. Ukichomoa waya zote za sauti na bado spika zinavuma kwa sauti kali zaidi kidogo, mara 100 kwa sekunde badala ya 50, basi kapasita za kusawazishia stima ndani ya amplifaya zimechoka. Hiyo ni kazi ya fundi wa redio, na waya wa ukutani hauhusiki hata kidogo.

Sasa turudi kwenye ule waya, kwa sababu shemeji hakuwa ameridhika. Alisema sawa, mvumo umekwisha, lakini ile besi na ile kufunguka kwa sauti?

Nilichukua karatasi. Stima inayofika Migori imetoka mbali, nyingi yake kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria na mabwawa ya mto Tana. Migori penyewe pana bwawa la Gogo kwenye mto Kuja, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder, lakini nguvu yake ni megawati 2 tu. Stima hiyo hupita kilomita mamia za waya wa alumini, ikashushwa mara kadhaa, ikafika kwenye transfoma ya mtaani, ikapita nguzo hadi nguzo, ikaingia ndani ya nyumba kwa waya wa kawaida uliofukiwa ukutani. Kisha inakutana na mita moja na nusu ya waya wa dhahabu. Mita hiyo na nusu itarekebisha nini kilichoharibika kwenye zile kilomita?

Hesabu yake ni hii. Waya wa kawaida unaokuja na mashine, wenye shaba ya milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi mita tatu, una ukinzani wa karibu omu 0.08. Amplifaya inayokula wati 200 inavuta chini ya ampea moja. Volti zinazopotea ndani ya waya huo ni kama 0.065. Tia waya wenye shaba maradufu, zitapotea 0.03. Umeokoa volti 0.035 kati ya 240. Isitoshe, stima hiyo ikiingia ndani ya mashine hupitia transfoma, ikageuzwa kuwa ya betri, ikahifadhiwa kwenye kapasita, na muziki unanywa kutoka kwenye kapasita hizo.

Wapo wanaoapa kwamba masikio yao yanasikia tofauti, na siwaiti waongo. Mwaka 2004 jarida moja la Marekani la mambo ya sauti, Secrets of Home Theater and High Fidelity, pamoja na chama cha wapenzi wa muziki wa pande za San Francisco, walifanya jaribio bila wasikilizaji kujua ni waya upi unatumika, wa kawaida au wa ghali mno. Majibu sahihi yalikuwa 73 kati ya 149, asilimia 49. Ukirusha sarafu utapata vivyo hivyo.

Lakini pia nisiwe shabiki wa upande mmoja. Waya mbaya ni mbaya kweli. Madukani pana nyaya za alumini au chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Sumaku itaukamata wa chuma. Wa alumini ukwangue kwa kisu, utaona weupe ndani. Pana plagi zisizo na fyuzi, zimetiwa kipande cha waya mahali pa fyuzi. Waya uliochoka kwenye plagi hutoa cheche na spika zikakwaruza. Acha redio ipige saa nzima kisha ishike plagi: ikiwa ya moto, badilisha leo. Kwa pesa mia tano au sita, na alama ya KEBS, unapata waya wa kutosha maisha yako yote. Na kama amplifaya yako ya zamani ina waya wa nyuzi mbili tu na nyuma ina alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa bila kuhitaji athi. Iache hivyo.

Besi tuliikuta kwingine. Kwa siku mbili nilipima soketi ya sebuleni. Saa kumi jioni, volti 236. Saa mbili usiku, baada ya isha, watu wanapika, wanapiga pasi, na wachomeleaji vyuma wa barabarani bado hawajafunga: volti 187. Usiku wa manane, 249. Amplifaya ya transfoma haina ujanja, ikipewa kidogo inatoa kidogo, na nguvu hupungua kwa mraba wa volti. Ukigawanya 187 kwa 240 kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe unapata 0.6. Yaani mashine iliyouzwa kuwa ya wati 100 ilikuwa ya wati 60, na ni saa ile ile ambayo shemeji husikiliza muziki. Akipandisha sauti apate besi, kilele cha muziki kinakatwa, sauti inakuwa ngumu ya kuchosha sikio, na spika ndogo za juu zinaweza kuungua. Ndiyo maana alisema waimbaji "wamefungwa".

Dawa ya hilo ni stebilaiza. Alinunua ya VA 2,000, kama shilingi 9,000. Ni kubwa kuliko mahitaji yake, lakini stebilaiza inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hupata joto na kuvuma. Ndani yake mna transfoma yenye matoleo kadhaa na swichi zinazochagua, ndiyo maana husikika tak, tak jioni. Iweke mbali na kiti chako. Nunua yenye kuchelewa dakika chache stima inaporudi, na yenye kukata volti zikizidi, maana nyutro ya mtaani ikikatika soketi ya 240 inaweza kupanda kuelekea 415, na hapo hakuna redio inayosalimika. Tena ujue kwamba stebilaiza haizalishi stima. Ikipandisha 187 kuwa 240 inavuta mkondo zaidi kwenye laini, kwa hiyo mtaa mzima ukitia stebilaiza laini inazidi kulegea. Volti zikiwa chini kila siku, andika vipimo na saa zake, kisha mpeleke malalamiko pamoja na majirani. Karatasi yenye tarakimu inasikilizwa kuliko kelele.

Kazi ilinipeleka Homa Bay, njia ya Rongo na Rodi Kopany, na mwenyeji wangu huko alikuwa mwalimu mstaafu, japuonj kama wenyewe wanavyosema, mwenye santuri za benga kabati zima. Anazo za D. O. Misiani na Shirati Jazz, na za studio ya Oluoch Kanindo, yule ambaye jina lake huko Zimbabwe limekuwa jina la muziki wenyewe. Sisi watu wa taarabu tunadhani peke yetu ndio tunaotunza santuri. Mzee yule hufuta vumbi la sahani kama mtu anayefuta miwani.

Shida yake ilinifurahisha kifundi. Stima ikipotea huwasha jenereta ndogo, na gitaa linapanda. Si masikio yake. Mota ya kinanda chake hufuata mapigo ya stima, haifuati volti. Jenereta isiyo na mzigo mkubwa ikikimbia mapigo 53 badala ya 50, sahani inazunguka kwa kasi ya asilimia 6 zaidi, na hiyo ni nusu sauti nzima ya muziki. Stebilaiza haiwezi kuirekebisha, wala waya, wala sanduku lolote la elfu hamsini lililoandikwa kisafisha umeme. Tukapunguza kasi ya injini kidogo hadi mita ikasoma 50 na ushei, na gitaa likashuka mahali pake.

Jirani yake alikuwa na inveta ya sola, na redio yake ilinguruma mara tu inveta ikiwaka. Inveta za bei rahisi hazitoi wimbi la mviringo kama la stima ya nguzo, hutoa wimbi la ngazi, na transfoma hulichukia. Ukinunua inveta kwa ajili ya muziki, uliza kama ni ya wimbi safi, na usiondoke dukani kabla hujaisikia ikiwa na mzigo.

Jambo kubwa la Homa Bay lakini ni radi. Mwambao wa ziwa hilo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na jioni ya pili niliiona ikitokea upande wa ziwa, sisi watu wa bahari hatuna kitu kama kile. Mwalimu aliinuka bila kusema neno, akachomoa plagi ya redio, kisha akachomoa na waya wa antena. Watu wengi husahau huo wa pili. Kinga za soketini, vile viboksi vya kama elfu mbili au tatu, zina ndani kidude kama sarafu kinachoelekeza pigo la ghafla mbali na mashine. Hufaa sana kwa mishtuko midogo ya stima kukatika na kurudi, kama nchi nzima ilipoingia gizani Agosti 25, 2023. Lakini kila pigo hukila kidogo, baada ya miaka kinakuwa pambo. Na nyingi hulitupa pigo hilo kwenye athi. Nyumba isiyo na athi, kinga italitupa wapi? Radi yenyewe ikipiga karibu, hakuna kinga ya dukani itakayokuokoa zaidi ya mkono wako kwenye plagi, tena mapema, sio wakati mbingu imeshafunguka.

Wasomaji wa Lamu na Mombasa mtaniambia hayo ni ya bara. Kwetu adui ni chumvi. Vichwa vya plagi vinaota kutu ya kijani, klipu za athi zinaliwa haraka kuliko za Migori, na fimbo yenyewe inagonga mwamba wa matumbawe kabla haijafika nusu, fundi akaikata akasema imeingia. Mitihani ya nyumba tatu niliyofanya tangu nirudi, mbili hazikuwa na athi ya maana. Moja ni yangu.

Ndugu zetu walio Ghuba na Marekani wanapotuletea amplifaya, tazameni nyuma kabla ya kuchomeka. Oman na Imarati stima yao iko karibu na yetu, haina neno. Ya Marekani ni volti 120, na ya Japani 100. Ukiichomeka hiyo kwenye 240 utasikia sauti moja tu.

Shemeji alipiga simu juma lililopita. Fimbo, klipu, swichi ya kuvuja na fundi vilikuwa vimemgharimu chini ya elfu nane, stebilaiza tisa, kiboksi mia saba. Bado hazijafika 22,000, na akataka kujua kama zilizobaki anaweza kununulia spika. Nikamwambia asubiri. Ukame ukiingia Januari udongo ule utakauka, na athi iliyokuwa nzuri wakati wa masika huenda ikalegea. Nitapitia huko na mita yangu. Akaniuliza kama nitabeba halua.